Mgeni Tuliyemwacha Mlangoni

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu Monika, aliyemzaa mama, ndiye aliyeniambia kwa mara ya kwanza kwamba Rozari ikishaanzwa haiachwi njiani. Alisema ukifanya ishara ya msalaba, Mama Maria anaingia na kusimama karibu na mlango. Hakai, kwa sababu anakusubiri wewe. Ukimaliza Salamu Malkia, sala ya kufungia, ndipo anapokwenda zake. Ukiikatiza, anabaki pale pale, kama mgeni ambaye wenyeji wamemsahau. Katekista wetu alipoulizwa alicheka, akasema hilo halimo katika mafundisho. Mimi sikuuliza zaidi. Nilikuwa mtoto wa kunyamaza, na hata leo si msemaji.

Tulikaa upande wa Ntalikwa, karibu na njia ya kale ya wapagazi, ambayo babu yake bibi aliipita na pembe za ndovu begani. Mwaka tuliotakiwa kuhamia kijiji cha ujamaa, lori lilikuja asubuhi bibi akiwa amepiga magoti, anaiaga nyumba yake kwa Rozari. Alikuwa amefika tendo la tatu, Yesu anazaliwa Betlehemu, na mimi ndiye niliyekuwa namwitikia. Dereva akapiga honi. Mzee Ramadhani, balozi wetu wa nyumba kumi, akaingia.

"Mama Monika, lori lina watu wengine wa kuchukua."

"Ngojeni nimalize."

"Utamalizia huko huko juu, mama."

Alimshika mkono kwa heshima, lakini alimtoa. Kabla hatujafika barabarani niliwaona mgambo wakishusha nyasi za paa letu, tusije tukarudi.

Kijijini bibi hakusali tena. Ile sauti yake ya alfajiri, iliyokuwa ikituamsha kama jogoo, ikakatika. Chakula alikionja tu, akakisogeza. Mama alijaribu utani.

"Mama, huyu Mama Maria alikimbilia Misri na punda. Atashindwa kufika hapa?"

"Misri alipelekwa na Yosefu," bibi akajibu. "Hapa nani kamwonyesha njia?"

Mama alicheka, kisha nikamwona akijifuta macho kwa ncha ya khanga. Bibi alikuwa anakwisha. Majirani walisema ni uzee tu, na kwamba mti mkubwa ukihamishwa haushiki. Walisema hivyo mbele yangu, kana kwamba mtoto hana masikio.

Mvua ya kwanza ilinyesha jioni. Bibi aliketi kitandani akiisikiliza.

"Analowa," akasema. "Mama wa watu, analowa, na paa hakuna."

Kesho yake mama alipokwenda shamba la kijiji, nilimletea bibi fimbo yake.

"Twende tukamchukue," nikasema.

"Na miguu yangu hii, mke mwenzangu?"

"Tutapumzika njiani."

Tulipumzika sana. Tulipofika, kuta zilikuwa zimeanza kumomonyoka, na mbuzi wa mtu amelala mahali petu pa kulala. Bibi alishindwa kupiga magoti. Akanipa Rozari mkononi.

"Tangulia wewe. Pumzi sina."

Sikuwa nimewahi kuongoza sala mbele ya mtu. Nilianzia pale tulipokatizwa, Betlehemu, bibi akiitikia chini chini. Tulipofika tendo la tano, kuitikia kwake kulikuwa na nguvu kuliko kusali kwangu. Tukamaliza Salamu Malkia. Nikadhani ndiyo basi, mgeni ameachiwa aende zake. Kumbe bibi alikuwa amegeukia mlangoni.

"Mayu," akasema, kwa lugha ya kwetu, maana yake mama, "utusamehe. Tumehama. Twende."

Kurudi, alitembea pembeni mwa njia. Nilipojisahau nikatangulia, alinivuta gauni.

"Mpishe mgeni."

Nikampisha.

Jioni ile bibi aliomba kuongezewa ugali. Mama alinitazama, akatazama miguu yangu yenye tope, akampakulia. Bibi aliishi mpaka akambeba mtoto wangu wa kwanza.

Sasa namnyonyesha wa pili, na padre amenieleza vizuri kwamba Mama Maria hahitaji kuonyeshwa njia. Naamini hivyo. Lakini nafikiri bibi alikuwa hawezi kuhama kabla hajaaga, na mbele ya watu wenye haraka hakuwa na namna nyingine ya kulisema hilo. Namna aliyokuwa nayo ni ile aliyofundishwa magotini. Kama nilikosea kumsindikiza, basi nilikosea vizuri.

Siku zile kila mgeni aliyeingia kijijini alikuwa lazima aripotiwe kwa balozi. Kwa hiyo asubuhi baada ya safari yetu ile, bila kutumwa na mtu, nilikwenda mwenyewe kwa Mzee Ramadhani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Tuna mgeni nyumbani."

"Katoka wapi?"

"Kule kwetu. Tulimwacha lori lilipokuja."

Alianza kucheka. "Nilihesabu vichwa vyote mimi! Anaitwa nani?"

"Mama Maria. Bibi alikuwa hajamaliza."

Kicheko kikaisha. Mzee Ramadhani, Mwislamu wa mjini Tabora aliyeishi nasi miaka mingi, alivua kofia yake akaishika magotini.

"Bibi Mariamu," akasema polepole, kwa jina wanalomwita Waislamu. Kisha: "Mwambie bibi yako balozi amesikia. Na aniwie radhi."

Nikasema ndiyo, mzee, nikarudi mbio nyumbani kumwambia.