Asubuhi Pikapu Ilipokataa Kuwaka

Stata ilizungusha injini vizuri kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi. Gari likikaa kimya nikigeuza ufunguo, najua betri imekufa. Naomba watu walisukume, nanung'unika kidogo, yamekwisha. Lakini pikapu yangu asubuhi ile ilizunguka kwa nguvu zake zote na haikuwaka. Nikajaribu mara ya pili, ya tatu, ya nne. Binti yangu alikuwa ameketi kando yangu na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, akitazama mbele.

Alikuwa ameitwa Mbarara, kwenye chuo cha uuguzi. Barua ilisema kila aliyechaguliwa afike mwenyewe na vyeti vyake kabla ya saa sita mchana, na asiyefika nafasi yake apewe mwingine. Ilikuwa saa mbili na nusu, nasi tulikuwa bado mlangoni petu, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mvua ilikuwa imeigeuza barabara kuwa uji, na teksi za alfajiri zilikuwa zimeondoka zamani, kwa sababu mimi, baba mwenye gari, nilikuwa nimemwambia asijisumbue nazo.

Akina mama wa kanisa letu walikuwa wamekuja kumwombea. Sisi tuliotoka Kivu ya Kusini hatumwachi mtu aende kwenye jambo kubwa hivi hivi. Wanamzunguka, wanaimba, halafu kila mmoja anaomba kwa sauti yake, wote kwa wakati mmoja. Gari lilipokataa, waliamua kwamba shetani ameamka mapema kuliko sisi, wakaongeza sauti.

Mimi ni fundi. Nilifanya kazi hiyo Uvira miaka mingi kabla ya kukimbia, na hapa Uganda nashika spana siku tatu kwa juma katika gereji moja ya Ruti, pembeni mwa Mbarara. Siku zilizobaki nabeba mahindi ya watu kutoka Rugaaga. Kwa hiyo mzee mmoja aliyekuwa akipita na jembe lake aliposema kwamba mganga hajigangi, nilimjibu neno ambalo sitaliandika.

Nikafungua boneti. Mtu wa kwanza kumlaumu alikuwa yule aliyeniuzia petroli jana yake, maana hasira zangu hupenda kuwa na mtu wa kumkalia. Nilishasema kwa sauti kwamba ametuuzia maji. Nikatoa mafuta kidogo kutoka kwenye tangi, nikayamimina kwenye glasi, nikayainua juani. Yalikuwa safi, hayana hata tone la maji chini. Nikamwomba msamaha moyoni, lakini nusu tu, kwa sababu bei yake ni ya kinyang'anyi.

Kisha nikafungua plagi moja, nikailaza juu ya chuma cha injini, nikamwambia binti yangu apige stata. Cheche ikaruka, ya buluu, nzuri. Umeme ulikuwepo. Nikaigusa ile plagi kwa kidole, na hapo ndipo nilipoanza kufikiri badala ya kukasirika: ilikuwa kavu. Baada ya kuzungusha injini mara zote zile, ilipaswa kuwa imelowa na kunuka petroli. Maana yake mafuta yako kwenye tangi lakini hayafiki mbele.

Mke wa mchungaji, aliyekuwa akiwaongoza akina mama wale, akanikaribia, akasema kwa upole kwamba labda mtoto apande tu pikipiki. Binti yangu akafungua mlango, akashuka, akaiangalia saa kwenye simu yake.

"Papa, nakupa nusu saa," akasema. "Kisha niko naenda na pikipiki."

Hakusema kwa ukali. Lakini namjua; akishapanga amepanga. Nikawaza safari yote ile kwenye tope, na ile blauzi. Ukweli wenyewe, hata hivyo, ni kwamba sikuwaza blauzi sana. Nilitaka kumpeleka mimi. Nilikuwa nimengoja kumpeleka mahali kama pale tangu alipozaliwa hapa kambini, na niliogopa kubaki nyuma nimeshika spana huku akiondoka mgongoni mwa mtu mwingine.

Pampu ya mafuta ya gari kama langu imo ndani ya tangi. Ukigeuza ufunguo bila kupiga stata, hulia kidogo, mlio mwembamba wa sekunde mbili tatu, kisha hunyamaza. Kwa makelele yale ya maombi nisingeusikia hata kama ningeingia tangini. Nikawageukia akina mama.

"Bamama, munisamehe," nikasema. "Munyamaze kidogo, nisikilize."

Kunyamazisha maombi si jambo dogo kwetu. Mke wa mchungaji akasema, "Tutanyamaza kwa kinywa. Mu roho tutaendelea."

Nikalala chini kwenye tope, sikio karibu na tangi, nikampa binti yangu ishara. Akageuza ufunguo. Nikasikia kuku wa jirani, nikasikia mtu akitwanga mbali. Pampu haikutoa hata mnong'ono.

Nikaangalia fyuzi: nzima. Nikachukua balbu yangu ndogo yenye nyaya mbili, ile ninayopimia umeme, nikaigusisha kwenye waya wa pampu. Haikuwaka. Basi pampu haina kosa, umeme ndio unaokatika njiani. Nikaufuata waya nyuma, kutoka chini ya gari mpaka ndani, nikainua zulia kando ya kiti cha dereva. Hapo waya ulikuwa umekatwa na kuunganishwa upya, ukafungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na juu ya mpira ukazungushiwa uzi wa kijani wa kushonea nyavu.

Nikakaa kitako. Fundi wa Mbarara hafungi waya kwa uzi wa nyavu. Hiyo ni kazi ya watu wa ziwani kule Uvira, na fundo lile lilikuwa langu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ule waya ulikwenda kwenye swichi ndogo niliyokuwa nimeificha pale mwenyewe, juma lile lile nililonunua pikapu. Mikono iliifunga hata kabla sijaamua. Uvira niliwafungia swichi kama hizo madereva wengi mno, na mwanzoni hapa niliizima kila jioni. Baadaye nikawa naisahau siku moja moja, na mwishowe niliisahau kabisa. Asubuhi ile binti yangu alikuwa amesugua sakafu ya gari kwa sabuni na brashi ili asichafuke, na brashi ikaisukuma ikazima.

Akainama akaitazama. Akauliza kazi yake ni nini. Sikuwa nimewahi kumwambia mambo ya barabara za kule. Nilidhani kunyamaza ni kumlinda.

"Kule kwetu," nikamwambia, "benye bunduki banakamata gari yenye inatembea. Ukizima hii, inazunguka bila kuwaka; banafikiri imekufa, banaiacha. Njo inakuokoa."

Akaigusa swichi kwa kidole.

"Na hapa unamuogopa nani?"

Nikachukua koleo. Kubonyeza swichi kungetosha, na muda ulikuwa unakwenda. Yeye mwenyewe aliniambia tutachelewa. Lakini niliikata, nikaitupa kwenye majani, nikaunganisha waya na waya moja kwa moja. Nikageuza ufunguo, pampu ikalia, injini ikawaka mara moja. Akina mama wakamshukuru Mungu kwa vinywa sasa, nami nikashukuru pamoja nao.

Tulifika chuoni zikiwa zimebaki dakika kumi na tano. Alishuka kabla sijasimama vizuri, akaruka dimbwi, akaingia getini. Niliegesha nje kando ya barabara, watu wakipita huku na huku, nikasema nitafumba macho kidogo tu.

Nilizinduka alipogonga paa la gari. Dirisha lilikuwa wazi, ufunguo uko mahali pake, nami nilikuwa nimekoroma mbele ya mji mzima.

"Papa, umelala na gari iko wazi," akasema, akicheka. Kisha ndipo akaniambia kwamba wamempokea.