Mkono wa Omoni

Kabla sijahamia hapa Sydney nilikuwa baharia wa meli iliyopeleka mahitaji kwenye visiwa vya matumbawe, vya mbali, visivyo na gati. Meli ilibaki nje ya mwamba unaovizunguka, sisi tukaingia kwa mashua ndogo. Kazi yangu ilikuwa kusimama omoni, mbele kabisa. Mawimbi yalivuma hata sauti hazisikiki, kwa hiyo nilimwinulia mshika usukani mkono: subiri. Nikiushusha, ujue wimbi kubwa limeshapita.

Wakati wa Korona mke wangu alikuwa akitunza wazee kwenye makao yao huko Penrith, pembezoni mwa jiji. Kila akirudi nilimwinulia mkono mlangoni: asiingie kwanza, avue viatu na sare kwenye gereji, niwaondoe watoto sebuleni. Sote tulikuwa hoi, na mimi nilikuwa mkali bure.

Jioni moja hakuvua kitu. Alikaa kwenye ngazi za mlangoni, barakoa ikining'inia sikioni.

"Huko visiwani mlikokwenda, bahari ikikataa mlifanyaje?"

"Tulirudi melini."

"Nyinyi mlikuwa na meli, baba watoto. Mimi nirudi wapi?"

Ndipo nikaona mkono wangu bado uko juu.