Nilivyofumba Macho Siku ya Posa ya Odette

Ndiyo, mimi ndiye yule baba aliyefumba macho, posa ya bintiye ikaendelea bila yeye, na kama mnataka kucheka chekeni sasa mmalize, maana aibu yenyewe nimeshaizoea.

Ilikuwa mwaka jana, tisini na mbili, nyumbani kwetu Niboye. Moyo ulikuwa umeniangusha miezi michache nyuma, na sista wa hospitali alikuwa akinifundisha kutulia: kaa wima, fumba macho, fuata pumzi yako, ukisikia maneno yaache yapite. Asubuhi ile mke wangu akasema, "Papa Odette, waambie wageni mapema." Niwaambie wakwe kwamba mimi mgonjwa? Thubutu!

Basi wakaja. Upande wetu nilisema mwenyewe (sikutaka mtu wa kunisemea), na msemaji wao, mzee mmoja wa Remera mwenye ulimi, akanichokoza kama desturi inavyotaka, mpaka moyo ukaanza kudunda ovyo. Nikasema moyoni nifumbe macho kidogo tu.

Kwenye posa zetu baba wa binti lazima abanie, asikubali upesi, kwa hiyo kimya changu wakadhani ni kubania. "Mzee ananyamaza? Basi tunaongeza ngombe moja ingine," nikasikia kwa mbali, nikayaacha maneno yapite. Wakaongeza tena. Nikavuta pumzi (vizuri sana, sista angenisifu). Msemaji akasimama kwa hasira: "Huyu mzee iko anatuchezea. Twende!"

Hapo Odette, ambaye hatakiwi kuonekana mpaka aitwe, akatoka ndani mbio, vazi nusu limefungwa, akanishika mabega mbele ya wakwe wote. "Papa! Papa, usikufe!"

Nikafumbua macho. Wageni wamesimama, mke wangu kashika kichwa. Niliona haya mpaka miguuni, lakini mwanangu alikuwa bado amenishika mabega, na hasira ikanipanda, ile nzuri.

"Sijafa, wala sijakataa," nikasema. "Moyo wangu unaumwa, nimeambiwa nipumue, na anayemtaka binti yangu atangoja nipumue. Ngombe mlizoongeza mrudi nazo. Kaeni!"

Wakakaa, wa kwanza yule mzee wa Remera (baadaye aliniuliza pembeni sista huyo anapatikana siku gani).

Sasa Niboye wananiita Papa Kimya. Waniite tu! Nimeapa sitafumba macho tena mbele za watu bila kuwaambia kwanza, ila kufumba nitafumba, iwe kanisani iwe kwenye posa, maana siku ile niliombwa mambo mengi, na aliloniomba Odette, nisife, ndilo nililolikubali bila kubania.