Kikohozi cha Bangoni

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliwahi kumwogopa mama yangu. Nimemkania mume wangu, nimewakania rafiki zangu, na nilimkania Mama mwenyewe siku aliponiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa huku tukikunja mashuka, kama nilimwogopa majira yale ya baridi ya bango. "Nikuogope kwa lipi, Mama?" nilimjibu, nikacheka kicheko cha mtu mwenye shahada. Sasa nimefika umri wa kuweka miwani kichwani na kuitafuta nyumba nzima, na sioni faida ya kuendelea kukana. Nilimwogopa. Nilimwogopa jinsi watoto wanavyomwogopa mbwa wa jirani: nilijibana ukutani ili apite kwenye korido. Wala siwezi kujitetea kwamba sikujua, kwa sababu picha iliyoleta mambo yote haya nilikuwepo ilipopigwa, nimeshika koti lake.

Kliniki yetu kule Tottenham ilinuka makoti yaliyolowa. Mvua iliingia na watu, ikakaa nao kwenye viti vya plastiki, ikapanda juu kama mvuke kutoka kwenye vyuma vya kupashia joto, na humo ndani ya mvuke kulikuwa na dawa ya kusugulia sakafu, maziwa ya watoto wachanga, na yale mafuta ya kifua ya menthol ambayo mama zetu walitupaka mpaka machozi yakatutoka. Kila baridi ilipoanza, kliniki ilitoa jarida dogo la kurasa chache katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Humo kulikuwa na habari za siku ambazo kliniki ingefungwa wakati wa Krismasi, daktari gani anastaafu, nesi gani amejifungua, na mashauri ya msimu: wazee wapate chanjo ya mafua, mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata akikohoa vipi, nguo zisianikwe ndani ya chumba anacholala mtoto, na dirisha lifunguliwe kidogo kila siku ili unyevu utoke. Hilo la dirisha liliwachekesha sana mama zetu. Walikuwa wamehangaika mwezi mzima kulipata joto, sasa mtu anawaambia walifungulie liende zake. Waliyasoma mashauri yale jinsi walivyosoma matangazo ya kanisani, wakitafuta kwanza kama kuna mtu wanayemjua.

Mwaka huo walimpata. Nesi Wambui, Mkenya mrefu mwenye sauti ya mwalimu wa michezo, alikuwa amechoka kuona mabango ya kliniki yakiwa na nyuso za Wazungu tu. Alitaka mama wa Kiafrika, mtu ambaye wagonjwa wake wangemtazama. Siku tulipokwenda ili Mama achanjwe, Wambui alimtazama mara moja, yeye na kilemba chake, akasema, "Mama Eliza, huu uso sitauachilia." Mama aliona amepewa heshima. Wiki iliyofuata alivaa kitenge cha Pasaka, akapaka wanja, akanipa mimi koti lake nilishike, akasimama mbele ya ukuta mweupe. Mpiga picha alimwomba akohoe ndani ya kitambaa. Mama akakohoa, kisha akacheka. Akaombwa tena, akacheka tena, nami nikacheka, mpaka Wambui akamwambia, "Mama Eliza, fikiria kituo cha basi asubuhi, na basi limekupita." Hapo uso wa Mama ukaanguka vizuri kabisa. Hakuuliza ni kikohozi cha ugonjwa gani. Alidhani ni mafua, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yamemleta.

Bango lilipotoka lilikuwa refu kunizidi. Liliwekwa kliniki, maktaba, dukani kwa wauza mihogo na samaki wakavu, na picha hiyohiyo ikawekwa kwenye ukurasa wa mbele wa jarida. Mama alikuwa amebana kitambaa mdomoni, macho yamejaa lile basi lililompita, na chini ya kidevu chake, kwa herufi nyekundu, imeandikwa: KIFUA KIKUU. Chini yake, kwa herufi ndogo, waliokohoa zaidi ya wiki tatu walishauriwa wamwone daktari. Herufi ndogo hazikusomwa na mtu. Inabidi mnielewe hapa, kwa sababu vijana wa leo hunicheka nikiwasimulia. Kule tulikotoka, mtu akitokea kwenye gazeti na ugonjwa umeandikwa chini yake, basi ndiye mgonjwa; ndugu zake wamempeleka pale ili wasamaria wema wamchangie matibabu. Hatukuwahi kuona mtu mzima na akili zake akiazima ugonjwa kwa ajili ya picha. Mama Furaha, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, aliyetoka Bukavu na aliyekuwa na kipaji cha kufunga mjadala, alisimama dukani mbele ya bango akasema: "Macho iko yake. Kilemba iko yake. Sasa kikohozi iko ya nani?"

Kilichofuata hakikuwa na kelele. Hakuna aliyemfukuza Mama popote. Jumapili ile mchungaji, ambaye siku zote alimwombea mtu kwa kumwekea mkono kichwani, alimwombea Mama akiwa mimbarani, mkono ameunyoosha kwa mbali kama anasimamisha magari. Mama akasema amina, akidhani ni baraka ya kawaida. Benchi letu likapata nafasi tele. Mama alifurahi, akaweka mkoba wake pembeni. Alipopeleka maandazi baada ya ibada, kila mtu alikuwa ameshiba, hata Mzee wa Kanisa ambaye hatukuwahi kumwona akishiba. Akayarudisha nyumbani, akayatazama, akala moja, akasema labda hamira ilikuwa ya zamani. Nadhani alielewa wakati huo, akiwa anatafuna, maana alilitafuna kwa muda mrefu.

Na hapakuwa na wakati mbaya zaidi wa kuelewa. Mama alikuwa mpishi wa pilau. Kwenye ofisi alizofagia alfajiri hakuna aliyejua jina lake. Mbele ya sufuria kubwa alikuwa mtu wa kuulizwa, anayewafukuza wengine jikoni kwa mwiko. Tangu majira ya joto Mama Furaha alikuwa amemwahidi kazi ya pilau la harusi ya binti yake, ukumbi mzima kule Harrow, wageni kutoka Ubelgiji na Ufaransa. Mama, mzaliwa wa Muheza, alikuwa amekwishawaambia dada zake kwa barua na kwa simu kwamba Wakongo wamemchagua yeye. Sasa kamati ya harusi ilikuwa na neno moja tu mezani: je, Mama Eliza atapika au hatapika? Kila akirudi kazini aliuliza kabla hajavua viatu, "Mama Furaha amepiga?" Nami nilijibu, "Bado."

Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa mtoto mwerevu, jambo ambalo walimu walimwambia Mama kila muhula na ambalo limenisumbua tangu hapo. Nilijua bango ni mchezo. Nilikumbuka vicheko. Lakini Desemba ile Mama alikohoa kweli, kama Tottenham nzima ilivyokohoa, na usiku nilipomsikia kupitia ukuta nilianza kufikiri kwamba pengine kliniki ilijua kitu, kwamba Nesi Wambui hakumchagua kwa ajili ya kilemba. Watu wazima wote walikuwa wamekubaliana. Mimi nani niwapinge? Nikahamia mwisho wa kochi. Akinibusu nilibana pumzi mpaka aondoke. Chakula chake nilikizungusha kwenye sahani, na akigeuka nilikifunika kwa gazeti kwenye pipa la taka. Taulo langu nililificha chini ya godoro. Siku moja alinigusa shavu kuona kama nina homa, nami nikaenda bafuni nikalisugua kwa sabuni ya vyombo. Niliporudi alisema, "Umekuwa msafi siku hizi," na hakusema kwa utani.

Mama alikwenda kliniki kudai haki yake. Walimpima, wakampiga picha ya kifua, na Wambui akamwonyesha mapafu yake kwenye mwanga, meupe na meusi, safi kabisa. Mama akasema hiyo ndiyo picha ambayo wangeibandika. Wambui aliona aibu kweli, nampa haki yake. Aliyaondoa mabango aliyoweza kuyafikia, kisha akaja kanisani Jumapili kutoa mashauri ya msimu na kusafisha jina. Alizungumza juu ya chanjo, juu ya asali, juu ya dirisha. Kisha akasema kwamba Mama Eliza ni mzima, kwamba aliigiza tu, na kwamba hata angeugua, kifua kikuu hakipiti kwenye sahani wala kijiko, na kinatibika. Wanawake waliitikia kwa vichwa, kwa adabu. Mama alikaa mbele, kitenge kilekile, anatabasamu. Ndipo Mama Furaha akanyoosha mkono.

"Nesi, kwa ile picha, mulimulipa?"

"Hapana, mama. Alijitolea."

"Eh. Munasikia?" Mama Furaha aliwageukia wenzake. "Mutu muzima anajitoleaka kuwa mugonjwa, ya bure?"

Kanisa likacheka, na Mama naye akacheka, kwa kuwa alikuwa mbele na kila mtu alikuwa akimtazama. Nami nilicheka. Wambui akaanza kueleza upya, lakini hakuna maelezo yanayoshinda kicheko cha watu walioshiba baridi.

Leo ninaishi Rayners Lane, karibu na stesheni, na kliniki ya huku hunitumia mashauri ya msimu kwenye simu. Yana picha za watu wa kila rangi, wote wana meno mazuri, wamenunuliwa kwa wauza picha, na hakuna anayeuliza kama ni wagonjwa. Mwanangu huchanjwa shuleni kwa kupuliziwa dawa puani na hurudi nyumbani akilalamika kwa Kiingereza. Nimeandika makala kuhusu unyanyapaa, yenye marejeo ya kutosha kumlaza ng'ombe, na nimepigiwa makofi katika kumbi zenye joto la kupindukia. Kisha ukaja mwaka wa barakoa. Kila Jumamosi nilimpelekea Mama chakula Tottenham, nikakiweka sakafuni mlangoni pake, nikagonga, nikarudi nyuma mpaka kwenye lifti. Alifungua, akainama kwa tabu, akakichukua, tukapungiana mikono. Vitendo vilikuwa vilevile vya utotoni, tena kwa ustadi zaidi. Tofauti ni kwamba safari hii majirani waliniita binti mwema, na mimi niliwaamini. Wakati mwingine Mama alisimama pale mlangoni na bakuli mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama anasubiri kuona nitaendelea kurudi nyuma mpaka wapi. Sikuwahi kumwuliza anafikiria nini. Nilijua simu anayoifikiria.

Simu hiyo ilikuja majira yale ya bango, Jumamosi mchana, shule zimefungwa. Mama alikuwa jikoni akikaanga binzari nyembamba, anajaribu vipimo vya sufuria kubwa, na fleti nzima ilikuwa imejaa harufu ya sherehe. Simu ilikuwa kwenye korido. Niliipokea mimi.

"Mutoto, ni Mama Furaha. Mama iko?"

"Shikamoo. Yuko jikoni, ngoja nimwite."

"Marahaba. Muache kwanza. Ni weye nataka." Nyuma yake nilisikia wanawake wengine, kisha nikasikia wakinyamazishwa. "Weye uko mutoto wa Mungu, hauwezi danganya. Hapo kwenu, unakulaka chakula ya mama?"

Nilijua swali lina maana gani. Hilo nalo nimelikana kwa miaka mingi. Nilijua kamati nzima imekaa sebuleni kwake, na kwamba neno moja, "nakula," lingempa Mama sufuria yake.

"Mimi huwa nakula shuleni," nilisema.

"Bon. Na leo, shule imefungwa?"

"Leo nimekula mkate."

"Nani alikupakia siagi?"

"Nimepaka mwenyewe."

Upande wa pili mtu akaguna. "Asante, mama," Mama Furaha aliniambia kwa upole, kama mtu aliyenionea huruma. "Mungu akulinde. Sasa mupe simu."

Mama alikuja akijipangusa mikono kwenye khanga, uso umeshachangamka. "Mama Furaha, mchele nimeshaonyeshwa mzuri sana, nilikuwa nangoja tu neno lako," alianza. Kisha akakatizwa. Alisikiliza amesimama wima, kama mtu anayepimwa urefu. Jikoni binzari ilianza kuungua.

"Kasema nani?" aliuliza.

Akanigeukia. Hakuonekana amekasirika. Alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, kama anavyotazamwa mtoto wa watu aliyekosea mlango.

"Basi kama kasema mwenyewe, Mama Furaha," alisema, "tafuteni mpishi mwingine."