Mgeni Asiyeketi Sebuleni

"Hata serikali ya Marekani ikimleta mkaguzi wake hapa leo, aikague nyumba hii kuanzia paa mpaka msingi, ataondoka na karatasi nyeupe!"

Maneno hayo Eliudi Kiprotich aliyatamka mwaka 1996, amesimama juu ya kiti cha plastiki katika ua wa nyuma wa nyumba yake mpya, Germantown, mbele ya watu sitini na mchungaji mmoja, ameshika mfupa wa mbuzi kama kipaza sauti. Watu wakapiga makofi. Aliyekwisha kula mbuzi wako hawezi kukubishia. Mkewe, Jepkosgei, aliyekuwa anamimina chai, hakuinua hata kichwa. "Baba Chepkoech, shuka," alisema, "kabla hicho kiti hakijakukagua wewe kwanza."

Watu walicheka zaidi kwa hilo kuliko kwa hotuba yote.

Lakini tusimwonee, alikuwa na haki ya kujisifu. Eliudi alikuwa fundi wa matengenezo katika jengo moja la maofisi kule Arlington. Kila alfajiri aliendesha gari saa moja na nusu, foleni ikikaa vibaya saa mbili, ili wakubwa wa huko wasije wakavuta kitasa kikabaki mkononi. Bawaba ikilia alijua ugonjwa wake kwa sauti tu, kama daktari anayesikiliza kifua. Jepkosgei naye alikuwa anawahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, zamu ya usiku. Mmoja akitoka, mwenzake anaingia. Walikuwa wakisema ndoa yao imedumu kwa sababu hawakutani.

Mkaguzi alikuja kweli, miaka mitatu baadaye, Oktoba ya 1999. Wakati huo Jepkosgei alikuwa na miezi minane kaburini, huko Kapsabet.

Eliudi alikuwa anauza ili arudi kwao. Hakuwa na mpango mwingine, na wala hakuutafuta. Binti yao wa pekee, Chepkoech, alikuwa chuoni Fairfax, analala huko huko. Nyumbani alibaki yeye na ukimya wenye vyumba vitatu vya kulala. Alitaka Krismasi imkute Kapsabet, karibu na kaburi. Zaidi ya hapo, alikuwa akisema, Mungu ataandika mwenyewe.

Wanunuzi walipatikana upesi, mume na mke vijana, mke mjamzito. Walikuwa wananunua kwa ule mkopo ambao serikali inausimamia kama mdhamini. Benki ndiyo inayotoa pesa, serikali inasema "wakishindwa, njoo kwangu." Na kama mdhamini yeyote mwenye akili, serikali haitii mkono mpaka mthamini aende akaione nyumba kwa macho. Anakadiria thamani yake, halafu anaandika chochote kinachoweza kumdhuru atakayeishi humo. Alichoandika lazima kitengenezwe. Kisipotengenezwa, hakuna mkopo, na vijana wale, ambao mkataba wa nyumba yao ya kupanga ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, wangekwenda kutafuta kwingine. Eliudi angebaki na nyumba yake na ukimya wake.

Dalali alikuwa Rosemary, Mtanzania, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, mwanamke ambaye angeweza kuliuza hata banda la kuku kwa kulisifia hewa yake. Alimkalisha Eliudi chini.

"Kaka Eliudi, nisikilize vizuri. Huyu si mgeni. Huyu haketi. Huyu hali. Kila mlango ataufungua, hata wa kabati."

"Dada Rosemary, mimi nakaguliwa kila mwezi Arlington."

"Arlington wanakagua jengo la watu. Hapa watakagua la kwako. Ile karatasi niliyokupa, ya vitu atakavyovikagua, umeisoma?"

"Nimeiona."

"Sikukuuliza kama umeiona."

Ilikuwa kwenye mlango wa friji, imebanwa na sumaku yenye umbo la nanasi. Ilikaa hapo mpaka mwisho.

Eliudi aliiandaa nyumba kama mama yake alivyomfundisha kuandaa nyumba. Na mama yake, kama mama zetu wote, alimfundisha kwamba mgeni anapokuja, sebule ndiyo nyumba. Sebule ni uso. Huko kwingine ni tumbo, na nani anamfunulia mgeni tumbo? Kila kinachotia aibu kinasukumwa nyuma ya mlango, mlango unafungwa, mgeni anakaribishwa kiti. Akiomba kwenda msalani, watoto watatu wanatangulia mbio.

Basi akaosha zulia. Akapaka rangi ukuta wa mbele. Akavitoa sandukuni vitambaa alivyovifuma Jepkosgei, vyeupe vyenye ukingo wa kijani, akavipiga pasi mwenyewe, akavitandika kwenye migongo ya makochi, kimoja kimoja. Hapo ndipo alipokaa kidogo. Halafu akaendelea.

Jumamosi alikuja Anatoli kumsaidia. Anatoli ni Mhaya wa Bukoba, fundi mwenzake wa Arlington, mtu asiyeweza kubeba kitu bila kukitungia maneno.

"Wakenya bwana! Sebule imekuwa kama ofisi ya waziri. Mkuu wa wilaya anakuja?"

"Beba hilo sanduku, Mtanzania. Mdomo hauna misuli."

"Nabeba. Niliweke wapi? Nishushe besimenti?"

Nyumba zile za Germantown zimeshikana kwa mstari kama meno, na kila moja ina chumba cha chini ya ardhi, besimenti, ambamo huwekwa mashine ya kufulia na vitu visivyo na pa kwenda. Mlango wake kwa Eliudi ulikuwa kwenye ushoroba, kando ya jiko.

"Acha hapo hapo mlangoni," alisema Eliudi.

"Si tushushe tu, ni ngazi chache..."

"Anatoli. Acha hapo."

Anatoli akaacha hapo. Akaleta sanduku la pili, akalipanga juu ya la kwanza, na la tatu, mpaka mlango wa besimenti ukafunikwa nusu. Hakutunga neno tena mpaka wakati wa chai. Alijua. Kanisa zima lilijua kwamba Mama Chepkoech alianguka kwenye ngazi hizo, na kwamba tangu siku hiyo Baba Chepkoech anabeba nguo zake kwenye mfuko mweusi wa takataka hadi kwenye mashine za kutumbukiza sarafu, huko madukani, anakaa kwenye benchi na wanafunzi anazitazama zikizunguka.

Mthamini alifika Jumanne, saa nne asubuhi. Aliitwa Wayne, mrefu, mpole, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Eliudi alikuwa amevaa koti la harusi. Mezani palikuwa na chupa ya chai, chapati kumi na mbili, na vikombe vya wageni. Chepkoech alikuwa amekuja kutoka chuoni ili baba yake asiwe peke yake.

"Karibu, keti," alisema Eliudi kwa Kiingereza chake cha Arlington.

Wayne akashukuru. Hakuketi. Alipita katikati ya sebule ile, vitambaa vile, zulia lile, kama mtu anayekatiza kituo cha mafuta, akaenda moja kwa moja jikoni akafungua bomba la maji ya moto. Akaweka kidole. Akaandika. Akapanda juu, akavuta maji ya choo, akabonyeza kengele ya moshi, nayo haikulia. Akaandika. Akaingiza kichwa darini. Akatoka nje akaipima nyumba kwa futi ya kuvuta, huku Eliudi akimfuata na kikombe cha chai kinachopoa.

Akarudi ndani. Akasimama ushorobani mbele ya masanduku.

"Huu mlango?"

"Stoo," alisema Eliudi.

"Besimenti?"

"Stoo ya chini. Haina kitu."

"Nahitaji kuiona, bwana."

"Kuna vumbi. Utachafua nguo."

Wayne alitazama suruali yake, ambayo ilikuwa na utando wa buibui wa darini mpaka magotini. Chepkoech ndiye aliyesogea. Alimwambia baba yake kwa Kiingereza, maana kwake Kiswahili kilikuwa cha kusikia tu, kwamba hakuna shida, kwamba yeye atashuka na mgeni, baba abaki. Akaanza kuyaondoa masanduku, moja baada ya jingine. Eliudi hakusaidia wala hakuzuia. Alishika kikombe.

Mlango ukafunguka. Wayne aliwasha taa, akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, na mkono wake wa kushoto, kwa mazoea tu, ukaenda ukutani kutafuta mahali pa kushika. Haukupata. Akasimama. Akavaa miwani, akautazama ukuta.

"Hapa palikuwa na mbao ya kushikia."

"Ilikuwapo," alisema Eliudi.

"Matundu ya skrubu haya hapa. Iliondolewa lini?"

"Tisini na sita."

Hakumwambia zaidi, na Wayne hakuwa mtu wa kuchokonoa. Lakini lilikuwa jambo la siku moja kabla ya ile sherehe ya mbuzi. Friza la kuhifadhia nyama lilikuwa limekwama katikati ya ngazi, limekataa kupita kwa upana wa kidole kimoja. Eliudi alitoa bisibisi mfukoni, akaifungua mbao ile kwa dakika tano, friza likateremka, wanaume wakashangilia. Mbao akaisimamisha nyuma ya friza. Vyuma vitatu vilivyokuwa vinaishikilia akavitupia kwenye kopo fulani. Kesho yake akapanda juu ya kiti cha plastiki.

"Baba Chepkoech, nirudishie mbao yangu ya kushikia," alikuwa akisema Jepkosgei.

"Kesho, mama."

Pasaka iliyofuata magoti yalianza kumsumbua, kazi ya kuinua wazee ikaanza kudai chake. "Baba Chepkoech, ile mbao."

"Wikendi hii. Kopo la vyuma sijalipata."

Mwaka wa pili aliligeuza mzaha, maana ndivyo alivyokuwa. "Nitahamia Arlington," aliwaambia akina mama wa kanisa, Eliudi anasikia. "Nipangishe ofisi hapo kwenye jengo lake. Nasikia ukiwa mpangaji, anakuja siku hiyo hiyo."

Mganga hajigangi, wote wakacheka, na Eliudi akacheka kuwazidi.

Ikaja asubuhi moja ya mwishoni mwa Januari. Jepkosgei alitoka zamu, akabeba kapu la nguo kwa mikono miwili. Eliudi alikuwa Arlington, anabadilisha taa ya choo cha ghorofa ya nne, ambayo hata haikuwa imezima, ilikuwa inapepesa tu. Alirudi saa kumi na mbili jioni. Akadhani mkewe amelala kabla ya zamu, akatembea kwa ncha za vidole asimwamshe. Akala wali wa jana, akamwachia kipande kikubwa cha nyama. Alipokwenda kuosha sahani ndipo alipoona mlango wa besimenti uko wazi na taa inawaka.

Daktari alisema huenda hakuteseka. Huenda. Eliudi hakuwahi kuuliza ilikuwa saa ngapi.

Wayne alipanda kutoka chini, akafuta mikono, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akaondoka. Chapati zilibaki kumi na mbili.

Siku ya tatu Rosemary alipiga simu, sauti imepanda kuliko ya kwaya. "Kaka Eliudi, hongera! Thamani imefika ile ile tuliyoiomba. Makosa mawili tu, tena madogo. Betri ya kengele ya moshi, na mbao ya kushikia ya ngazi ya besimenti. Ukitengeneza, anarudi kuangalia, tunamaliza."

"Madogo," alisema Eliudi.

Ndipo Rosemary alipokumbuka ni ngazi gani. "Kaka... samahani. Jamani. Nisamehe."

"Umesema kweli, dada. Ni madogo."

Anatoli alikuja jioni hiyo na sanduku lake la vifaa, bila mzaha hata mmoja. "Mzee, kaa juu unywe chai. Nitaifunga mimi. Ni kazi ya kufumba macho."

"Najua ni kazi ya kufumba macho."

"Basi niache."

"Niliitoa mimi, Anatoli."

Eliudi alikwenda dukani peke yake kununua vyuma. Aliporudi alifungua mlango, akawasha taa, akashuka kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, kiganja kimebandikwa ukutani kama kipofu. Mbao ilikuwa nyuma ya friza, pale pale alipoisimamisha, imevaa vumbi. Aliifuta kwa shati lake. Matundu ya zamani ukutani yalikuwa bado mazima, skrubu ziliingia bila kubishana. Anatoli na Chepkoech walikaa juu, kwenye zulia la ushoroba, wakisikiliza bisibisi. Ilizunguka, ikanyamaza, ikazunguka, ikanyamaza muda mrefu, ikazunguka tena.

Alipomaliza alijining'iniza kwenye mbao kwa uzito wake wote, kama anavyopima za Arlington. Haikutikisika.

"Dakika ngapi?" aliuliza kutoka chini.

Anatoli alikuwa ameangalia saa. Alisema hakuangalia.

"Ngapi, Anatoli?"

"Kumi na mbili, mzee."

Alikaa huko chini. Chepkoech alipomwita kwa Kiingereza hakujibu. Alipomwita "Baba", akapanda, ameishika mbao ngazi baada ya ngazi, juu mpaka mlangoni.

Wayne alirudi Alhamisi. Aliitikisa mbao mara mbili, akaibonyeza kengele ya moshi ikalia, akatia sahihi, akaondoka. Karatasi ilikuwa nyeupe. Vijana walipata mkopo wao na mtoto wao akapata nyumba. Novemba, Eliudi alisindikizwa na Anatoli hadi uwanja wa ndege, akiwa na masanduku mawili na vitambaa vya kufuma. Friza aliliacha.

Risiti ya dukani iko Kapsabet, ndani ya Biblia ya Jepkosgei. Vyuma vitatu na skrubu zake: dola saba na senti hamsini na tisa.