Mruko wa Shemeji

Mimi ndiye mwalimu wa karate hapa Kiomboi, na kwa majivuno hata jogoo wa jirani ananiamkia. Kata, ule mfululizo wa mapigo unaoufanya peke yako, nilijifunzia ndani ya ghala la shemeji yangu. Humo humo ndimo ninamofundishia.

Juzi nikapeleka wanafunzi wanne Singida mjini kupimwa. Nikatangulia mimi kuonyesha mfano. Katikati ya kata nikaruka pembeni kwa madaha. Mtahini, mzee wa mkanda mweusi, akaninyooshea kidole.

"Mwalimu, mtindo wetu wa Shotokan hauna mruko huo. Umeutoa wapi?"

Hata sikukumbuka, lakini mbele ya wanafunzi wangu ningekirije?

"Huo ni wa mtindo wa Goju, mzee. Mimi huwa nachanganya."

Akaguna, akawaita wanafunzi. Wakaenda vizuri hadi palepale, kisha wote wanne wakaruka kama mbuzi wanaovuka mfereji.

Mzee akamgeukia Mama Rehema, mwanafunzi wangu hodari. "Mama, hapo mnamkwepa adui gani?"

"Shikamoo mzee," akajibu kwa adabu zote. "Hapo hakuna adui. Hapo huwa pana magunia ya alizeti ya shemeji yake mwalimu."