Plastiki ya kompyuta mpya

Juma hili nilipeleka kompyuta yangu mpya dukani, hapa mjini Likasi, hasira imenijaa tangu mtaani kwetu Panda. Mbele ya wateja wote nikaibwaga kwenye kaunta: "Munatuuzisha bintu ya mubaya! Sauti inatoka sawa nyuki ndani ya chupa!"

Mama fundi aliigeuza, akapitisha kidole chini yake polepole, kama anayepima homa ya mtoto. Kidole kikasimama palipo na spika.

"Papa, hii plastiki, ni weye uliiacha?"

"Ni miye. Juu ibakie mupya."

Kwetu ndivyo tulivyo: kitu kipya hatukivui nguo kiliyokuja nayo. Akaibandua kwa ukucha, akaweka wimbo wa kwaya, na duka zima likasikia sauti safi. Hakucheka. "Bantu mingi banafanyaka vile, papa," alininong'oneza, kisha akanikunjia ile plastiki kama leso. Afadhali angecheka.

Lakini aibu yenyewe ilikuwa inaningoja nyumbani. Binti yangu anasoma Lubumbashi, na hunipigia kwa kompyuta hiyo. Tangu niinunue nilikuwa namkaripia: "Fungua kinywa! Kule banakufundisha kunung'unika?"

Jioni ile akapiga. Alitamka polepole, kwa woga, kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi:

"Pa-pa. U-na-ni-si-ki-a?"

Nilimsikia. Kila silabi.